Nyumba Isiyo Yao: Riwaya za Wanawake wa Marekani katika Karne ya 19

Katika riwaya ya The Wide, Wide World, iliyotoka New York mwishoni mwa 1850, kuna kisa kidogo cha soksi ambacho kila nikikifikia hunirudisha nyuma kurasa kadhaa ili nikisome upya. Binti mdogo, Ellen Montgomery, ametenganishwa na mama yake mgonjwa na kupelekwa shambani kwa shangazi yake, Fortune Emerson, mwanamke hodari wa kazi na mkavu wa moyo. Ellen amekuja na soksi nyeupe. Shangazi anaziona ni usumbufu, maana zitataka kufuliwa kila mara, na bila kumwambia mtoto neno anazitumbukiza katika chungu cha rangi iliyochemshwa kwa magome ya mti, zikatoka za kijivu. Ellen analia, anafoka, halafu hasira zinapopungua anakumbuka kwamba hana pengine pa kwenda. Hakuna kilichoibwa wala aliyepigwa, lakini mtoto ameshafundishwa kwamba katika nyumba hii hana chake, hata kile alichokivaa mguuni.

Riwaya za namna hii wahakiki wa Marekani walizipa jina la riwaya za nyumbani, na kwa muda mrefu jina hilo lilitamkwa kwa sauti ileile ambayo watu hutumia wanaposema kwamba jambo fulani ni la jikoni, yaani si la kupotezea wakati wa watu wazima. Msomaji akaachwa aamini kwamba humo hamna ila mapazia, chai, sala za jioni na machozi. Chai imo, na sala zimo, na machozi ni mengi kuliko wengi wetu leo tunavyoweza kuvumilia. Hata hivyo, mtu akizisoma kwa utulivu, moja baada ya nyingine, ataona kwamba karibu zote zinaanza pale ambapo nyumba imepotea: baba ameshindwa kesi, mume amekufa, benki imeanguka, mama amesafiri asirudi. Kwa maoni yangu, hizi ni riwaya za watu wasio na nyumba, zilizoandikwa mara nyingi na wanawake waliojua kwa uzoefu maana ya kukaa mahali kwa hisani ya mwingine.

Ili kuona uzito wa jambo hili ni lazima kuanzia kwenye sheria. Sheria ya mazoea ambayo Wamarekani waliirithi kutoka Uingereza iliwahesabu mume na mke kuwa nafsi moja, na nafsi hiyo ilikuwa ni ya mume. Ujira wa mke ulikuwa mali ya mume, vyombo alivyokuja navyo bibi harusi vilikuwa mali ya mume, na mke hakuweza kuingia mkataba wala kushtaki kwa jina lake peke yake. Majimbo yalianza kulegeza kamba polepole. Mississippi ilipitisha sheria yake mwaka 1839, New York mwaka 1848, Massachusetts mwaka 1855, na ilikuwa hadi 1860 ndipo New York ilipomruhusu mke kumiliki pesa alizozitolea jasho mwenyewe. Ile ya Mississippi, ambayo husifiwa kwa kutangulia, ilihusu zaidi ya yote haki ya mke kubaki na watumwa wake. Mali iliyokuwa ikilindwa humo walikuwa watu, na nitalirudia jambo hilo, kwa sababu hakuna anayeweza kuzizungumzia nyumba za Marekani ya wakati ule akaliruka.

Susan Warner, mwandishi wa kisa cha soksi, alizaliwa mwaka 1819 katika familia ya mwanasheria wa New York iliyokuwa na uwezo. Mtikisiko wa fedha wa 1837 ulimkumba baba yake vibaya, na familia ikahamia kwenye nyumba kuukuu katika kisiwa cha Constitution, ndani ya mto Hudson, mkabala na chuo cha kijeshi cha West Point. Susan na mdogo wake Anna waliishi hapo sehemu kubwa ya maisha yao bila kuolewa, wakiandika ili nyumba ile iendelee kuwa na moto na unga. Mswada wa kwanza wa Susan ulikataliwa na wachapishaji kadhaa, mpaka ulipomfikia George Palmer Putnam, ambaye mama yake aliusoma akamwambia kwamba hata kama hatachapisha kitabu kingine, hiki ni lazima akichapishe. Kilipigwa chapa 14 katika miaka miwili. Kwa upande wetu, bila kujua, wengi tumeguswa na kalamu za nyumba ile: maneno ya wimbo wa watoto unaosema kwamba Yesu anipenda, unaoimbwa hadi leo katika madarasa ya Jumapili hata kwa Kiswahili, yalitungwa na Anna kwa ajili ya riwaya waliyoiandika pamoja, Say and Seal, ya mwaka 1860, ambamo mwalimu anamliwaza kwayo mtoto anayekaribia kukata roho.

Njia iliyofunguliwa na Warner ilipitwa na wengi, nami sitawataja wote. Maria Cummins alitoa The Lamplighter mwaka 1854, kisa cha Gerty, yatima wa Boston. Mwanamke anayemlea anamtumbukiza paka wake mdogo katika maji ya moto. Mtoto anapomrushia ukuni kwa uchungu, anasukumwa nje usiku, na mlango unafungwa. Anaokotwa na mzee maskini mwasha taa za barabarani. Nakala 40,000 ziliuzwa katika majuma manane ya mwanzo, wakati Walden ya Henry David Thoreau, iliyotoka mwaka huohuo, ilipigwa chapa nakala 2,000 tu.

Ni mauzo hayo ya Cummins yaliyomtia ghadhabu mwandishi wa riwaya Nathaniel Hawthorne. Akiwa balozi mdogo wa Marekani mjini Liverpool, alimwandikia mchapishaji wake mwezi Januari 1855 kwamba Marekani nzima imetekwa na kundi lililolaaniwa la wanawake wanaochorachora, na kwamba yeye hawezi kufanikiwa maadamu ladha ya umma imeshughulishwa na takataka zao. Maneno haya yamenukuliwa mara nyingi kupita kiasi, na kwa kawaida nukuu huishia hapo. Barua ya pili hutajwa kwa nadra. Majuma machache baadaye Hawthorne alikuwa amesoma Ruth Hall ya Fanny Fern, akamwandikia mtu yuleyule kwamba ameifurahia sana, kwamba mwanamke huyu anaandika kana kwamba ameingiwa na Ibilisi, na kwamba hiyo ndiyo hali pekee ambamo mwanamke huandika kitu kinachofaa kusomwa. Sifa yenyewe ina dharau ndani yake. Lakini sikio lake lilisikia vizuri: Ruth Hall ina moto usiofanana na wa wenzake, na moto wenyewe unawaka juu ya pesa.

Fanny Fern lilikuwa jina la kalamu la Sara Willis, aliyezaliwa mwaka 1811. Mume wake wa kwanza alifariki mwaka 1846 akimwachia madeni na watoto wawili wa kike. Baba yake na wakwe zake walimpa msaada wa kusuasua, ndoa ya pili ikavunjika kwa talaka, na kazi ya kushona haikutosha kulipia chumba. Alipoanza kuandika, alimpelekea makala zake kaka yake, Nathaniel Parker Willis, mmoja wa wahariri mashuhuri wa New York. Kaka akamjibu kwamba maandishi yake hayana adabu na hayatakubalika katika jiji lile. Miaka michache baadaye gazeti la New York Ledger lilikuwa likimlipa dada huyo dola 100 kwa kila safu, malipo ambayo hakuna mwandishi wa safu nchini aliyekuwa akiyapata. Alipoolewa mara ya tatu, mwaka 1856, alihakikisha kwanza kwamba kuna mkataba ulioandikwa kwamba mapato yake yatabaki kuwa yake na ya watoto wake.

Riwaya inasimulia karibu hayohayo. Ruth anafiwa na mume, anahamia katika chumba cha kupanga, anamtoa binti mmoja kwa wakwe kwa sababu hana cha kumlisha, na ndugu zake wanapita mbali wasije wakaonekana naye. Kinachonivutia ni namna kitabu kinavyofika mwisho wake. Mchapishaji anamwekea mezani dola 800 ili aiuze haki yote ya kitabu chake mara moja, na Ruth, ambaye wakati huo dola 800 ni mali nyingi kwake, anakataa na kubakiza haki mkononi. Kisha, karibu na kurasa za mwisho, Fern anachapisha hati nzima ya hisa, kama inavyotolewa na benki, ikithibitisha kwamba Bibi Ruth Hall anamiliki hisa 100 za Benki ya Seton, zenye thamani ya dola 10,000. Pale ambapo msomaji wa 1855 alizoea kukuta harusi, amewekewa hati ya benki. Ruth haolewi tena. Anawachukua binti zake na kuondoka nao mjini, kitabu kikafungwa.

Ukitaka kupima ujasiri wa hati ile, iweke kando ya sura ya mwisho ya The Wide, Wide World ambayo Putnam hakuichapisha. Sura hiyo ilikaa gizani zaidi ya karne, ikaja kutolewa mwaka 1987 na shirika la Feminist Press. Ndani yake Ellen ameshaolewa na John, yule aliyemlea kiroho tangu utotoni, naye anamwonyesha nyumba yao mpya. Kuna chumba alichomwandalia yeye peke yake, kimepambwa kwa picha na sanamu na samani nzuri, na Warner anatumia ukurasa baada ya ukurasa kuvihesabu vitu hivyo kwa shauku ambayo haifichiki. Ila chumba hicho hakifikiki isipokuwa kwa kupitia chumba cha mume. Mwandishi hasemi kwamba hilo ni tatizo. Mimi naamini aliliona. Mwanamke aliyeishi miaka yote ile katika nyumba inayovuja, akiota samani alizozipoteza, alijua barabara mlango uko wapi.

Katika karne ya 20 vitabu hivi karibu vyote vilitoweka katika orodha za vyuo vikuu. F. O. Matthiessen alipoandika American Renaissance mwaka 1941 alichagua waandishi watano wa miaka ya 1850 hadi 1855, wanaume wote, na chaguo lake likawa mtaala wa vizazi. Ukarabati ulianza na wasomi wanawake: Nina Baym mwaka 1978 alionyesha kwamba riwaya hizi zina kisa kimoja cha msingi, cha msichana aliyeondolewa nguzo alizozitegemea na kulazimika kujitengenezea njia yake, Jane Tompkins mwaka 1985 alitetea nguvu yao ya kidini na kisiasa dhidi ya Ann Douglas, aliyekuwa ameziona kuwa zimeulainisha na kuudhoofisha utamaduni wa nchi. Ninawaheshimu wote watatu, na bila Baym makala hii isingeandikika. Ila ubishi wa Douglas na Tompkins ulielemea mno kwenye machozi, kama yanafaa au hayafai, hata swali la nani ameshika ufunguo likasukumwa pembeni. Na swali hilo ndilo linalotufikisha kwa wanawake wawili ambao mtaala wa kwanza wala wa pili haukuwa tayari kuwapokea.

Kabla yao nimtaje Harriet Beecher Stowe, kwa kuwa ndiye aliyeifanya nyumba kuwa silaha. Uncle Tom's Cabin ilianza kutoka kwa mfululizo katika gazeti la National Era mwezi Juni 1851, na ilipokuwa kitabu mwaka 1852 iliuza nakala 300,000 nchini Marekani katika mwaka wa kwanza. Stowe alikuwa amemzika mwanawe mdogo kwa kipindupindu huko Cincinnati mwaka 1849. Katika riwaya, Eliza, mtumwa anayetoroka na mtoto wake, anafika kwa seneta Bird wa Ohio, ambaye ametoka tu kuunga mkono sheria ya kuwaadhibu wanaowasaidia watoro. Mke wa seneta anafungua polepole droo ambayo haijafunguliwa tangu wafiwe na mtoto wao, anatoa vikoti vidogo na viatu vilivyochakaa nchani, na kuvifunga katika furushi kwa ajili ya mtoto wa mtumwa. Baadaye, katika jiko la Rachel Halliday, mfuasi wa dhehebu la Kikristo la Quaker huko Indiana, George, mume wa Eliza, anakaa kwa mara ya kwanza meza moja na mtu mweupe akiwa sawa naye, na mwandishi anasema kwamba hapo ndipo alipoijua maana ya neno nyumbani. Ni ukurasa mzuri sana. Hata hivyo ilipofika zamu ya kuwapa watu hawa makao yao wenyewe, Stowe hakuwapatia nyumba Marekani: aliwapitisha Kanada na Ufaransa, akawapeleka Liberia.

Harriet Wilson hakuhitaji kubuni nyumba ya kaskazini; alikua akitumikishwa ndani yake. Kitabu chake, Our Nig, kilichapishwa Boston mwaka 1859, na jina lake refu linasema wazi kwamba kinasimulia maisha ya mtu mweusi huru katika nyumba nyeupe ya ghorofa mbili, upande wa kaskazini, ili kuonyesha kwamba vivuli vya utumwa vinaangukia hata huko. Frado, mtoto wa baba mweusi na mama mweupe, anaachwa na mama yake akiwa na miaka sita katika nyumba ya akina Bellmont, ambako analazwa katika chumba kisichomalizika kujengwa juu ya jiko, anafanyishwa kazi mpaka afya inavunjika, na kuzibwa mdomo kwa kipande cha mti anapopigwa. Siku moja mama mwenye nyumba anamwamuru alie chakula katika sahani ambayo yeye mwenyewe ametoka kuilia, asichukue safi. Frado anamwita mbwa wake, Fido, anampa sahani airambe mpaka itakate, anafuta kisu kwenye kitambaa cha meza, halafu anaanza kula. Sijui ukurasa mwingine katika riwaya za nyumbani za karne ile unaosema mengi kiasi hicho kwa sahani moja.

Wilson aliandika dibaji akiwaomba Waafrika wenzake wa Marekani wanunue kitabu ili aweze kumtunza mwanawe. Hakikununuliwa kwa kiasi cha kumfaa, na mtoto huyo, George, alifariki mwezi Februari 1860, akiwa na miaka saba. Cheti cha kifo chake ndicho kilichosaidia kuthibitisha, zaidi ya karne baadaye, kwamba mwandishi alikuwa mwanamke mweusi, wakati Henry Louis Gates alipokirudisha kitabu mikononi mwa wasomaji mwaka 1983. Waliopinga utumwa nao hawakukishangilia, na sababu haifichiki: mwovu wa kisa hiki ni mama wa nyumba wa New England, katika jiko lilelile ambalo riwaya nyingine zilikuwa zikilisifu.

Harriet Jacobs alitoroka utumwa huko Edenton, North Carolina, lakini kabla ya kutoroka alijificha karibu miaka saba chini ya paa la banda lililounganishwa na nyumba ya bibi yake, mwanamke aliyepata uhuru na kumiliki nyumba. Tundu hilo lilikuwa na urefu wa futi 9 na upana wa futi 7, na pale palipoinuka zaidi lilifika futi 3. Alikuta humo keekee, akatoboa ukuta matundu madogo, na kupitia hapo aliwatazama watoto wake wakicheza bila kuweza kuwaita. Wakati wa Krismasi aliwashonea nguo akiwa gizani. Nimezisoma nyumba nyingi katika fasihi hii, na hakuna iliyonikaa moyoni kama hiyo, nyumba ya bibi mpendwa ambayo ndani yake mjukuu hawezi hata kusimama wima.

Alipofika kaskazini mwaka 1842 alipata kazi ya uyaya. Mwajiri wake alikuwa Nathaniel Parker Willis, kaka yuleyule aliyemfungia mlango Fanny Fern. Mke wa pili wa Willis alimnunulia uhuru mwaka 1852 kwa dola 300, na Jacobs, pamoja na shukrani zake, aliandika kwa uchungu kwamba hatimaye ameuzwa, binadamu, katika jiji huru la New York. Kitabu chake alikiandika usiku, kwa siri, baada ya watoto wa watu kulala, katika nyumba ya Willis huko Cornwall, maili chache kando ya mto uleule ambamo akina Warner walikuwa wakiandika kisiwani kwao. Hakumwambia Willis, kwa sababu hakumwamini kuhusu utumwa. Incidents in the Life of a Slave Girl kilitoka Boston mwaka 1861 kwa jina la Linda Brent, na kwa miongo mingi wanahistoria wengi walikichukulia kuwa hadithi ya kubuni iliyotungwa na mhariri wake mweupe, mpaka Jean Fagan Yellin alipothibitisha kwa barua, katika miaka ya 1980, kwamba kila ukurasa ulikuwa wa Jacobs.

Mwishoni mwa kitabu anamgeukia msomaji na kumwambia kwamba kisa chake kinamalizikia kwenye uhuru, wala si kwenye ndoa kama ilivyo desturi. Kisha anaongeza kwamba ndoto ya maisha yake bado haijatimia, kwamba haketi na watoto wake katika nyumba iliyo yake, na kwamba bado anatamani meko yake mwenyewe, hata yakiwa duni namna gani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alikwenda kuwahudumia na kuwafundisha walioachwa huru, na katika miaka ya 1870 akawa anaendesha nyumba ya wapangaji mjini Cambridge, Massachusetts, akiwapa vyumba na chakula watu wa Chuo Kikuu cha Harvard.